Meza Yangu ya Getini

Kwa wiki sita mfululizo hakuna mashine hata moja iliyougua katika kiwanda chetu. Ushahidi ninao mpaka leo, umejaa kwenye faili la kijani: fomu juu ya fomu, na katika kila fomu, mahali palipoandikwa "Hali ya mashine", mkono wa mtu umejaza "Nzuri". Wengine, wenye adabu zaidi, waliandika "Nzuri sana, tunashukuru". Mmoja aliandika "Hajambo, anasalimia". Hiyo ilihusu pampu ya maji.

Kiwanda chenyewe kiko nje kidogo ya Kerege, unapoiacha lami ya Bagamoyo na kushika njia ya vumbi. Tunasindika mananasi. Yanakuja kwa malori kutoka Fukayosi na mashamba mengine ya kule ndani, yanaoshwa, yanapondwa, yanakamuliwa, na juisi inapikwa na kufungwa kwenye mapipa. Mimi niliajiriwa Desemba, msimu umepamba moto, kwa kazi ambayo mama yangu hadi sasa hajaweza kuwaeleza majirani. Kazi yangu ni kuzifuatilia mashine zikiwa bado nzima, ili nijue ipi inaelekea kuharibika kabla haijaharibika. Mama anawaambia majirani kwamba mimi ni nesi. Nimeacha kubishana naye.

Kifaa changu kikuu ni kipima mtetemo. Ni kidude cha ukubwa wa kiberiti, kina sumaku chini, unakinatisha kwenye chuma kinachoshika beringi, na waya wake unaingia kwenye kompyuta. Kila kinachozunguka kinatetemeka, hata kikiwa kipya. Lakini beringi, ile pete ya chuma yenye gololi ndani, ikianza kuchubuka, mtetemo wake hubadilika wiki kadhaa kabla chuma hakijapata joto na kabla sikio halijasikia kitu. Unapima leo, unalinganisha na wiki iliyopita, ukiona mstari unapanda unamwambia mwenye mashine aifungue kwa siku anayoichagua yeye, asisubiri kuchaguliwa na mashine. Hayo ndiyo waliyonifundisha chuoni Dar es Salaam kwa miaka mitatu, hayo pamoja na michoro.

Bosi aliniajiri kwa majaribio ya miezi mitatu. Ni mtu wa bara, kama marehemu baba yangu, na anaongea kama anayepigilia misumari. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya mashine kubwa ya kuponda na kukamua, akaniambia kwamba msimu uliopita ilisimama ghafla kwa siku nne, mananasi yakaozea kwenye malori, na harufu ikafika hadi barabara kuu. "Mwaka huu isimame ghafla tena, na wewe upo hapa na vidude vyako," akasema, "nitajua sikuhitaji vidude. Tutaagana vizuri tu." Nikasema sawa. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nyumbani bila kazi, nakula ugali wa mama na kusikiliza maoni yake kuhusu elimu yangu. Kazi ile niliitaka kuliko nilivyokuwa tayari kuonyesha.

Mashine hiyo kubwa wafanyakazi waliiita Bibi. Ilikuja kiwandani ikiwa imeshatumika kwingine, na ilikuwepo kabla ya watu wote isipokuwa mama mmoja wa Fukayosi, mwendeshaji wake. Mama huyo alikuwa mnene kiasi, mwenye mtandio uliokaa sawasawa hata kwenye joto la saa nane, na alisimama pembeni mwa Bibi zamu nzima kama mtu aliyemsindikiza mgonjwa kliniki. Kila asubuhi nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikamuuliza habari za Bibi, akasema hajambo. Kisha akaandika kwenye fomu yangu: Nzuri.

Mwanzoni nilifurahi. Baada ya wiki mbili nikaanza kutia shaka. Baada ya wiki nne nilikuwa nimepandwa na hasira, kwa sababu fomu ile niliitunga mwenyewe na niliipenda. Kipima mtetemo kinaona kile kinachokionja kwa dakika mbili, mara moja kwa wiki. Anayekaa na mashine saa nane kwa siku anaona mengine yote: uvujaji, harufu, mkanda unaoteleza, sauti inayokuja na kuondoka. Ndiyo maana ya fomu. Nikaitisha kikao. Nikasema jamani, mashine si binadamu, haiwezi kuwa nzuri kila siku. Wakanisikiliza kwa heshima kubwa, wakanipongeza kwa maneno mazuri, na kesho yake wakaandika nzuri. Mmoja aliongeza "sana", nadhani kwa kunihurumia.

Aliyenifungua macho alikuwa yule wa pampu, yule wa "anasalimia". Jioni moja tulitoka pamoja. Njia nzima kutoka pampu hadi getini tuliongea habari za mpira. Tukafika getini, tukaagana, nikamtakia jioni njema, akanitakia jioni njema, akapiga hatua tatu, akageuka.

"Halafu dada, ile pampu inavuja. Tangu Jumatatu."

"Tangu Jumatatu? Na leo asubuhi si umeniandikia hajambo?"

"Ndiyo," akasema, akinitazama kwa mshangao wa kweli. "Asubuhi si ulikuwa unamjulia hali?"

Akaenda zake. Nilibaki nimesimama kwenye vumbi nikiwa nimeshika mkoba, na nikaona aibu, kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo na nilipaswa kujua. Nimekulia kwenye nyumba ya mwalimu kutoka bara, mtaa umejaa watu wa pwani. Jirani akija kwetu alikaa saa nzima. Habari za asubuhi nzuri, za watoto nzuri, za kazi nzuri, mguu nao ulikuwa haujambo. Akainuka, akaaga, akavaa ndala zake, akawa na mguu mmoja nje, ndipo aseme: "Halafu mama, mtoto ana homa tangu juzi, sijui una dawa?" Baba alikuwa akichemka. Kwa nini hakusema alipoingia? Mama, ambaye naye alitoka bara lakini alijifunza haraka, hakumjibu. Alichofanya ni kwamba hakuwahi kufunga mlango mgeni akiwa bado barazani. Alisimama pale, mkono kwenye bawaba, akasubiri.

Kesho yake niliomba meza. Niliiweka getini, chini ya ukuta, karibu na kiti cha mlinzi, nikaweka faili la kijani juu yake na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Zile fomu za asubuhi nilizifuta. Kuanzia siku hiyo, zamu ikiisha, nilikaa pale na kuwaaga watu.

Mlinzi wetu ni mtu wa Saadani, na ana maoni. Aliniuliza kama nimeshushwa cheo. Nikamwambia nimepandishwa. Akasema hongera, akasogeza kiti chake ili aone vizuri. Na kwa kweli palikuwa na cha kuona. Mtu anakuja, ananiaga, namuaga, namwambia asalimie nyumbani, ananiambia watafika, anapita. Mimi natulia, mkono kwenye kalamu. Hatua moja, ya pili. "Halafu dada." Feni la jikoni linagonga. Mkanda wa kupandishia mananasi unaelemea kushoto. Mota ya pili kutoka dirishani inanuka kama kamba iliyoungua. Kuna gia ambayo mtu alikuwa akiitilia kitambaa mafuta yasidondoke, na kitambaa hicho kilikuwa na umri wa miaka miwili. Wiki moja tu nilijaza kurasa nyingi kuliko wiki sita zote. Mpishi naye alikuja kuripoti birika. Mwingine aliniripotia mama mkwe wake, nikamwambia huyo sina kipimo chake.

Yule mama wa Fukayosi alipita kwa siku nne bila kugeuka. Aliaga na kwenda moja kwa moja. Nikaamini Bibi kweli ni mzima, kwani hata vipimo vyangu vilikuwa vinasema hivyo. Siku ya tano, Jumanne, alifika hadi nje kabisa ya geti, akasimama, akarekebisha mtandio, akarudi.

"Halafu mwanangu, Bibi anaguna."

Nikaikamata kalamu. "Anaguna vipi, mama?"

"Mchana, akipewa yale mabichi magumu. Akipewa yaliyoiva yuko kimya. Ni mguno mdogo, huko upande wa ukutani."

"Tangu lini?"

"Si jana wala juzi," akasema, na hiyo ndiyo tarehe pekee niliyoipata.

Nilikwenda kuangalia daftari langu, nikajiona mjinga. Nilikuwa nampima Bibi kila Jumatatu asubuhi. Jumatatu asubuhi ameshaoshwa, amepumzika Jumapili nzima, na mananasi ya kwanza kuingia ni yale yaliyolala na kuiva, yanayobonyea kwa kidole. Nilikuwa nampima akiwa hana kazi ngumu, kisha najisifu kwamba namfuatilia. Jumatano saa nane mchana nikanatisha sumaku upande wa ukutani, nikamwomba mama ayapitishe mananasi mabichi. Mstari kwenye kompyuta ukapanda. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu. Ulikuwa umepanda, na sura yake ilikuwa ile ya beringi inayochubuka. Ingeweza kudumu wiki mbili au siku mbili. Kipima mtetemo hakisemi tarehe, katika hilo kinafanana na watu wa Fukayosi.

Alhamisi bosi akaja kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo nilijipanga kumwambia. Lakini alikuja na wageni, wanunuzi wa juisi, watu wanne waliovaa makoti meupe na kofia za wavu tulizowapa. Akawazungusha kiwandani, akawafikisha kwa Bibi, akaniona nimesimama na kompyuta yangu kifuani. Akaniita. Akawaeleza kwamba huyu binti ndiye mtaalamu wetu wa kugundua hitilafu mapema, kisha akanigeukia kwa sauti ya furaha ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Haya mtaalamu. Bibi hajambo?"

"Hajambo kabisa, Mzee," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Sikulifikiria. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika, bosi akatabasamu, msafara ukaendelea kuelekea kwenye mapipa. Nyuma yangu mama wa Fukayosi alivuta mtandio hadi puani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Cheka tu," nikamwambia.

"Sicheki, mwanangu. Nimefurahi. Sasa umeshakuwa mtu wa huku."

Mimi sikufurahi. Nilijichukia kwa saa tatu nzima. Nilikuwa nimewahubiria watu kikaoni, nimewacheka nyumbani kwa mama yangu, nimewachora kwenye faili langu, na nilipoulizwa mimi, mbele ya mwenye kiwanda, kuhusu mashine ileile iliyoshika kazi yangu, nilijibu kama yule wa pampu. Na kama Bibi angesimama Ijumaa, bosi angekuwa na mashahidi wanne wenye makoti meupe kwamba nilisema hajambo.

Zamu ilipoisha nikakaa kwenye meza yangu kwa sababu sikujua pa kwenda. Gari la bosi likaja taratibu, wageni nyuma. Mlinzi akashika kamba ya kizuizi. Bosi akashusha kioo.

"Haya, kazi njema."

"Ahsante Mzee, safari njema. Wasalimie nyumbani."

"Watafika."

Mlinzi akaanza kuvuta kamba. Nikainuka.

"Halafu Mzee."

Mlinzi akaiachia kamba. Namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Nikaeleza yote palepale dirishani, kwa sauti ya chini: mguno, mananasi mabichi, upande wa ukutani, mstari uliopanda. Nikamwambia Bibi afunguliwe mapema iwezekanavyo. Bosi alinisikiliza akiwa ameangalia mbele, ambako nje ya geti malori matano ya mananasi yalikuwa yakisubiri zamu.

"Mchana uliniambia hajambo."

"Mchana nilikuwa nakusalimia, Mzee."

Mlinzi akapatwa na kikohozi. Bosi akayatazama malori kwa muda ambao ulinitosha kuanza kufikiria ugali wa mama.

"Nikisimamisha, ukafungua, ukakuta hakuna kitu?"

"Basi nitakuwa nimekosea."

"Ukikosea usingoje miezi mitatu iishe," akasema. "Kesho asubuhi, mpaka saa sita. Saa sita namtaka anazunguka." Kioo kikapanda.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi tukamfungua Bibi. Tulikuwa watatu: fundi wa karakana, mama wa Fukayosi na mimi. Saa mbili na nusu beringi ya upande wa ukutani ilikuwa juu ya gunia, fundi akaifuta grisi kwa kitambaa na dizeli. Ikang'aa kama sahani ya wageni. Akaizungusha kwa kidole, ikazunguka kimya, laini, bila kukwama. Akaniangalia kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko kama angenitukana.

"Dada, hii mbona nzuri?"

Neno lile tena. Nikachuchumaa kando ya gunia, na nitasema ukweli, machozi yalikuwa karibu. Niliona njia ya kurudi Bagamoyo, mkoba na vidude vyangu, na mama barazani akiwaeleza majirani kwamba nesi amerudi. Nikakitia kile kitambaa mkobani nikaanza kuukunja waya wangu.

Mama wa Fukayosi hakuwa na haraka. Akaketi juu ya kreti, akaichukua beringi akaipakata kwenye mapaja, juu ya kanga yake safi.

"Mnamuuliza akiwa hana mzigo," akasema. "Akiwa hana mzigo atasema nini?" Akamwambia fundi: "Kandamiza hapa. Kwa nguvu, kwani hukula?"

Fundi akakandamiza kwa viganja viwili, uzito wake wote. Mama akaizungusha polepole, macho ameyafumba.

"Hapa," akasema. Akaizungusha tena mzunguko mzima. "Hapa tena. Palepale."

Nikawasha tochi ya simu. Katika kile kinjia cha ndani, pale aliposema, palikuwa na shimo la ukubwa wa punje ya choroko, na jirani yake ufa mwembamba kama unywele umeikata ile fremu inayotenganisha gololi. Fundi akapiga mluzi. Mimi nilimkumbatia mama pamoja na beringi yake, nikamharibia kanga, na nimeshamnunulia nyingine.

Bibi alizunguka saa tano na nusu akiwa na beringi mpya kutoka stoo. Alipewa mananasi mabichi, akayaponda kimya. Nikampigia bosi simu. Akasema "Vizuri", akakata.

Msimu ukaisha bila Bibi kusimama tena. Siku ya mwisho ya majaribio yangu, mwishoni mwa Februari, bosi akaniita ofisini. Akaniuliza habari za kazi, nikasema nzuri. Tukaongea kuhusu malori. Tukaongea kuhusu masika, kwamba yataanza mapema, na kwamba barabara ya Fukayosi itakuwa tope. Mkataba hakuutaja. Nikaaga. Nikaenda hadi mlangoni polepole sana, nikainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa, nikasimama na mguu mmoja nje. Bosi alikuwa ameshachukua simu na kumpigia mtu.

Nikarudi kwenye meza yangu nikaanza kukusanya vitu. Faili la kijani nililiacha, kwa kuwa ni la kiwanda. Kalamu ilikuwa yangu, nikaifungua uzi, nikaifuta vumbi kwa kitambaa kilichokuwa mkobani tangu siku tulipomfungua Bibi. Mama wa Fukayosi alisimama karibu yangu bila kuuliza, na mlinzi naye kwa mara ya kwanza hakuwa na maoni. Nilikuwa na huzuni na hasira, na hasira ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumpenda Bibi.

Gari la bosi likaja. Kioo kikashuka.

"Haya, kazi njema," akasema.

"Safari njema, Mzee."

Mlinzi akavuta kamba. Gari likatoka, likashika njia ya vumbi, likaenda kama hatua ishirini. Kisha taa zake za nyuma zikawaka. Likarudi kinyumenyume hadi mbele ya meza yangu.

"Halafu," akasema bosi, akiwa ameangalia mbele. "Hiyo meza masika yataiozesha. Nimemwambia seremala aje Jumatatu aijengee kibanda. Mwambie vipimo unavyovitaka wewe, usije ukalowana mwaka mzima. Na karatasi zako ziko kwa karani, kasaini."

Mama wa Fukayosi alinipiga kiwiko cha mbavu.

"Unalia?" bosi akauliza. "Hujambo lakini?"

"Sijambo, Mzee," nikasema, nikajifuta uso kwa kitambaa kilichokuwa mkononi, ambacho kilikuwa kile cha grisi.